Upande wa Kushoto wa Ta Teofili

Mke wangu hapendi kwenda nami harusini. Anasema namtia aibu. Watu wamekaa wanakula, mimi nanyanyuka, nazunguka meza na kuchungulia sahani za wazee. Nikiona mzee amemaliza chakula cha upande mmoja wa sahani, na upande wa pili ndizi ziko vilevile kama zilivyopakuliwa, siwezi kukaa tena. Nitatafuta sababu ya kumsalimia kutoka upande ule alioacha, nione kama atageuka. Mara nyingi ameshiba tu. Anageuka vizuri kabisa, anavuta sahani karibu na kifua, ananitazama kama mtu aliyekuja kumnyang'anya nyama.

"Kaa chini," mke wangu ananiambia. "Ulishastaafu."

Nimestaafu kweli. Nakaa hapa Rwamishenye, nina migomba michache nyuma ya nyumba na miguu isiyotulia. Lakini miaka yote ya kazi nilikuwa mtu wa fiziotherapia, nikiwafundisha waliopigwa na kiharusi au walioumia kichwa kusimama, kushika kijiko, kufunga kifungo cha shati. Sikuwa daktari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia hospitalini kama msaidizi, nikafundishwa kazini, na baadaye nikapelekwa kozi fupi. Vijijini waliniita daktari, nami sikuwakatalia kwa nguvu sana. Hilo nalo ni sehemu ya kosa ninalotaka kuwasimulia.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi hii. Mmesoma kuliko sisi. Mna simu za kumrekodi mgonjwa anavyotembea, mna picha za ubongo mnazoletewa kutoka hospitali kubwa. Sisi tulikuwa na mifuko ya mchanga, kamba, kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, kilichofungwa kwenye boriti, na mikono yetu. Tulimvuta mgonjwa mkono uliopooza kama anayevuta ng'ombe matopeni, na bega likishuka tulisema ugonjwa umelishusha. Siyo ugonjwa. Ni sisi. Msimnyanyue mtu kwa kumvuta mkono uliolala, hata ndugu zake wakisema ndivyo wanavyofanya kila siku.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja anaitwa Bi. Adelina. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye kucheka ghafla. Wiki zangu za kwanza alinipeleka wodini saa za chakula, akaniambia nikae tu na kutazama wagonjwa wanavyokula. Nililalamika. Nilimwambia nimekuja kufundisha watu kutembea, sikuja kuwatazama wakitafuna.

"Ukijua anavyokula, utajua atakavyotembea," alisema, akaondoka.

Siku moja katika kutazama huko, mgeni alikuja kumsalimia mzee aliyepooza mdomo na koo. Mgeni alikuja na mwani, zile kahawa zetu za kutafuna ambazo mgeni na mwenyeji hupeana kwa heshima. Mzee naye, kwa heshima, akapokea na kutia mdomoni. Akapaliwa. Uso ukabadilika rangi. Bi. Adelina alitokea sijui wapi, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, kahawa zikatoka. Nilidhani atamgombeza mgeni. Alinigeukia mimi.

"Jana nilikuonyesha kwamba koo lake halimezi sawasawa. Uliwaambia ndugu zake?"

Nilisema sikuwaambia.

"Basi mgeni hakujua. Wewe ulijua ukanyamaza."

Tangu siku ile, mgonjwa yeyote wa kiharusi nilimpima kwanza kwa kijiko kimoja cha maji, amekaa wima, nikisikiliza sauti yake baada ya kumeza. Sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, hapewi kitu mpaka mwenye ujuzi zaidi amtazame. Niliwaambia ndugu: hapana mwani, hapana lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija, hapana chochote mpaka tuseme. Somo la koo nililishika. Lile la kunyamaza sikulishika, kama mtakavyoona.

Sasa kidogo kuhusu ubongo, nitawaambia kwa namna nilivyowaeleza wanavijiji. Ubongo umepishana na mwili. Upande wake wa kulia ndio unaoendesha mkono na mguu wa kushoto, na wa kushoto unaendesha kulia. Kwa wengi wetu maneno yanakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kwa hiyo mtu aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Aliyepooza wa kushoto, maneno yake hubaki. Ataongea vizuri, atatania, atawataja mababu zake mpaka uchoke kusikiliza. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu sisi Wahaya mtu tunampima kwa kauli. Anayesema vizuri, tunasema ana akili. Asiyesema, tunasema akili imeondoka.

Nilikuwa na mgonjwa kule Izimbya, Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, aliyebakiwa na neno moja tu, "ndiyo". Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Mkewe alikuwa ameshakubali kwamba mume wake amerukwa na akili, akawa anamfungia ndani asije akatangatanga. Nikamwomba aimbe wimbo wa kanisani. Akauimba, maneno yote, ubeti baada ya ubeti, machozi yanamtoka. Mkewe akakasirika.

"Kumbe anaweza! Alikuwa ananichezea?"

Nilimweleza kwamba wimbo na maongezi havipiti njia moja kichwani. Akili yake ilikuwepo yote, mlango ndio uliofungwa. Tukaanza kumfundisha kuomba maji kwa kuimba. Majirani walicheka sana. Lakini maji akawa anapata.

Nilijivuna kwa ajili ya mwimbaji yule. Nilidhani nimeshaujua mtego. Nilikuwa nimeujua nusu. Nilijua kwamba asiyesema anaweza kuwa na akili timamu. Sikujiuliza upande wa pili: anayesema vizuri anaweza kuwa amepotewa na nini?

Ta Teofili alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa huko Muleba, kijiji ambacho sitakitaja. "Ta" ndiyo heshima tunayompa mwanaume mtu mzima. Alikuwa amefiwa na mke na alikuwa na watoto wawili. Fortunatus, mwanawe wa kiume, alikuwa na kazi mjini na nyumba upande mmoja wa kibanja, yaani shamba la migomba, cha baba yake. Paskazia, binti yake, aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani. Ta Teofili alimkatia sehemu upande wa pili wa kibanja, kwa mdomo tu, akamsaidia kupanda mibuni kwa mikono yake mwenyewe. Wazee wa ukoo walinung'unika kwamba binti hapewi ardhi ya ukoo. Ta Teofili aliwajibu kwamba mibuni haiulizi nani kaichuma.

Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalala.

Aliyemuuguza ni Paskazia. Alimgeuza kitandani, alimwogesha, alimpikia. Mimi nilikuwa naenda kwa bodaboda kutoka hospitalini, kwa sababu tulikuwa na utaratibu wa kuwafuata wagonjwa majumbani. Kwenye kozi tulikuwa tumefundishwa kwamba mgonjwa aendewe kutoka upande uliolala, ili ubongo uamshwe. Basi nikamwagiza Paskazia: kaa kushoto kwake. Chakula, maji, maongezi, kila kitu kitoke kushoto. Usimwonee huruma ukahamia kulia.

Alilishika agizo langu kama dawa. Kigoda chake hakikutoka upande ule.

Dalili zilikuwepo. Niliuchukua mkono wake wa kushoto nikamuuliza ni wa nani. Akasema ni wa mgeni aliyelazwa naye, nimwambie aondoke, kitanda ni chembamba. Nikacheka. Siku nyingine nilimkuta amejinyoa ndevu za shavu la kulia safi kabisa, na za kushoto zimesimama kama majani ya mpakani. Nikamwambia amejiandaa kwa nusu ya sikukuu. Akacheka, nami nikaandika moyoni kwamba mkono unamchosha. Alikuwa anatembea sasa kwa mkongojo, na mimi nilitazama mguu. Mguu ulikuwa unanipa sifa.

Siku moja Paskazia alikuwa ameweka beseni la maji kushoto kwa baba yake, amechuchumaa palepale, na Ta Teofili akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Paskazia siku hizi haji. Amenichoka."

Nilimwona Paskazia akikishusha kitambaa ndani ya maji taratibu.

"Niko hapa, Tata," alisema.

Mzee akageuza kichwa kulia, akatazama mlangoni, akatikisa kichwa.

Mngefikiri nini? Nitawaambia nilichofikiri. Kwetu mzee akichukizwa na mtoto hapigi kelele. Anayapitisha macho juu yako kana kwamba wewe ni nguzo ya nyumba, na kila mtu anaelewa. Nilifikiri kuna ugomvi wa ndani. Nilifikiri wazee wa ukoo wamemshauri kuhusu binti na ardhi. Mila yetu ilinipa jibu, nikalipokea, sikuhangaika kutafuta jingine. Nikanawa mikono nikaondoka.

Kisha ukafika wakati wa kuonyesha mipaka. Ta Teofili alitaka, akiwa bado hai, awatembeze wazee wa ukoo kibanjani na kusema mbele yao nani anapata nini. Ndivyo tunavyofanya. Mtu anatembea, anagusa milamula, ile mimea mirefu ya mipakani, anasema, na wanaosikia ndio ushahidi. Waliniomba nihudhurie kwa sababu ya mguu.

Kibanja kile kinashuka kutoka barabarani hadi bondeni, na njia inapita katikati. Ukishuka, sehemu ya Fortunatus iko kulia na ya Paskazia iko kushoto. Tulianzia barabarani. Ta Teofili alikuwa na mkongojo mkono wa kulia, na Paskazia amemshika mkono wa kushoto asianguke. Alitembea vizuri siku ile, nikajisikia mkubwa. Alionyesha kila kitu cha kulia: nyumba ya Fortunatus, migomba ile, mti ule wa mbao, mlamula uliopandwa na baba yake. Vyote vya Fortunatus. Tulipofika bondeni akasimama.

"Kibanja changu ndicho hicho," alisema. "Kimeisha."

Mzee wa ukoo, Ta Ishengoma, akakohoa. "Na Paskazia?"

"Paskazia yuko wapi?" alisema Ta Teofili. "Mnamwona? Alinitupa."

Alisema hivyo mkono wake wa kushoto ukiwa mikononi mwa Paskazia.

Watu walitazama chini. Hakuna aliyeshangaa sana, na hilo ndilo linaloniuma. Wote walidhani wameelewa. Ta Ishengoma, ambaye ni mtu wa haki kwa namna yake, akanigeukia.

"Daktari, wewe ndiye unayemtibu. Akili yake iko sawa?"

Nilifikiria jinsi alivyowataja mababu zake asubuhi ile, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea.

"Iko sawa kabisa," nilisema.

Paskazia hakulia. Alimrudisha baba yake nyumbani, njia nzima amemshika mkono uleule.

Msimu wa senene ulipofika nilikwenda tena kumtazama. Paskazia alikuwa amemwekea sahani: ndizi kulia, senene waliokaangwa vizuri kushoto, rundo zima. Ta Teofili alimaliza ndizi, akajifuta mdomo, akaniambia kwa huzuni, "Mwaka huu hata senene sikuonjeshwa. Ndivyo ninavyoishi."

Nilitazama sahani. Nusu yake ilikuwa imesafishwa kama imerambwa. Nusu ya pili haikuguswa. Nilinyoosha mkono nikaigeuza sahani, kushoto ikaja kulia.

"Eh!" alisema Ta Teofili. "Wametoka wapi hawa?"

Akala wote, anafurahi kama mtoto. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Vijana, hali hiyo mmeisoma. Macho yanaona, masikio yanasikia, lakini ubongo hauendi upande ule. Si upofu, maana kipofu anajua kwamba haoni, atapapasa. Huyu hajui kwamba kuna kitu cha kupapasa. Kwake kushoto hakupo, na mtu aliyekaa kushoto hayupo. Nami ndiye niliyemweka Paskazia pale na kumkataza kuhama.

Mngedhani nilikimbia siku ileile kwa Ta Ishengoma. Sikukimbia. Nilikuwa nimesema "sawa kabisa" mbele ya ukoo mzima, na kila asubuhi nilipata sababu. Nisubiri nimpime vizuri. Nisubiri nipate ushauri. Bi. Adelina alikuwa ameshahama, nikasema nitamwandikia, sikumwandikia. Nilifanya vipimo vile ninavyowasihi mvifanye siku ya kwanza: nilimtawanyia maharage kwenye jani la mgomba na kumwomba ayaokote yote, akaokota ya kulia tu. Nilimpa Biblia asome, akasoma nusu nusu za mistari na kulalamika kwamba siku hizi Biblia zinachapwa ovyo. Kila kipimo kilinipa jibu lilelile, nami nikaendelea kupima.

Wakati mimi napima, Fortunatus alikata mibuni ya dada yake ili apande vanila. Simlaumu sana. Alikuwa amepewa ardhi na baba yake mbele ya mashahidi, na mtaalamu akathibitisha. Mibuni ilipoanguka, Paskazia alifunga mzigo wake akaenda kupanga chumba Muleba mjini. Baba yake akabaki na mke wa Fortunatus, ambaye alimhudumia vizuri, kutoka kulia, kwa sababu hakuna aliyemwagiza vinginevyo. Ta Teofili akamsifu kwa kila mgeni kwamba huyu ndiye mtoto.

Niliposikia habari ya mibuni ndipo nilipopanda bodaboda.

Ta Ishengoma nilimkuta anakagua kahawa zake alizoanika juani. Nilimsalimia, nikamwambia nilikosea siku ile.

"Ulisema akili yake iko sawa," alisema. "Leo haiko?"

"Iko, waitu," nilimjibu kwa heshima. "Lakini nusu ya dunia haipo machoni pake. Nusu ya kushoto."

"Paskazia amekupikia nini?"

Nilistahili hilo. Nilimwambia sijala chochote kwake, na kwamba sitaki aniamini mimi. Nataka Ta Teofili atembezwe tena kibanja kile, lakini safari hii tuanzie bondeni, tupande kuelekea barabarani. Alichoacha kushoto kitakuwa kulia.

"Na akisema vilevile?"

"Basi mimi ni mwongo, nisikanyage tena hapa."

Ta Ishengoma alipeperusha makapi mkononi. "Mimi ni mtu wa kuona," alisema. "Lete binti naye aone."

Paskazia nilimkuta anapika maandazi nje ya chumba chake. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kugeuza maandazi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Wewe ndiye uliniambia nikae kushoto?"

"Ndiyo."

"Na ulijua lini kwamba hanioni?"

Nikamwambia: tangu senene. Alihesabu kichwani, akaelewa kwamba nilijua kabla mibuni haijakatwa. Alizima moto, akajifunga kanga, akaja.

Tulimbeba Ta Teofili hadi bondeni kwa kiti. Wazee walikuwepo, Fortunatus na mkewe walikuwepo. Nilimwomba Paskazia asimame mbali nyuma, asionekane kwanza, na Fortunatus amshike baba yake mkono wa kushoto. Fortunatus alinikunjia uso lakini akashika. Tukaanza kupanda.

Mzee alionyesha kila kitu cha kulia. Mlamula huu, kisima kile cha zamani, na kutoka pale hadi pale ni ya Paskazia, nilimpa mwenyewe, mnakumbuka mlivyoninunia. Wazee wakaangaliana. Kisha akafika penye visiki.

Alisimama ghafla nikadhani ataanguka.

"Nani amekata mibuni ya mwanangu?"

Alikuwa amekaa na visiki vile wiki nyingi, vilionekana kutoka mlangoni kwake, na ilikuwa mara ya kwanza anaviona.

"Nauliza. Tuliipanda mimi na Paskazia. Nani ameikata?"

"Ni mimi, Tata," alisema Fortunatus, akiwa amemshika mkono.

Ta Teofili aligeuza kichwa kulia, akatafuta kati ya migomba sauti ilikotoka, hakuona mtu.

"Fortunatus angekuwepo wasingethubutu," alisema. "Lakini naye alinitupa."

Nilimtazama Fortunatus. Uso wake ulikuwa uleule wa dada yake siku ile ya kwanza. Aliachia mkono wa baba yake kidogo, kisha akaushika tena kwa nguvu, asianguke.

Tulipofika barabarani Ta Teofili alisema kibanja chake kimeisha, chote ni cha Paskazia. Hakuna aliyecheka. Ta Ishengoma alikaa juu ya jiwe, akachora njia mavumbini kwa fimbo, akaweka alama kulia kwa Ta Teofili alipokuwa anashuka na kulia kwake alipokuwa anapanda. Alisema ukoo utachukua alichokisema mzee kuhusu upande wake wa kulia safari zote mbili. Fortunatus atabaki na yake na Paskazia atabaki na yake. Fortunatus hakupinga. Alisema atanunua miche. Miche ya kahawa inachukua miaka kuzaa, kila mtu pale alilijua hilo, na baba yao hakuwa na miaka hiyo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Siku ya kwanza zunguka kitanda. Mguse mgonjwa, mwite, mwekee kitu kila upande. Mtazame akila. Ukigundua upande umepotea, kaa kwanza pale anapokuona ili akujue, kisha hama polepole, ukimvuta macho yakufuate. Weka kitambaa chekundu mwisho wa upande ule wa sahani au kitabu, mwambie asianze kula wala kusoma mpaka amekipata. Na waambie ndugu siku hiyohiyo, kwa lugha yao, kwa maneno ya jikoni: hajakuchukia, hakuoni. Mgonjwa akiwa mkimya, uliza kama ni sonona au ni ubongo uliokosa msukumo. Akicheka msibani bila kukusudia, waelezeni watu kabla hawajampiga. Na mkiulizwa kama akili ya mtu iko sawa, semeni mmepima nini na hamjapima nini, kisha nyamazeni. Ukikosea, rudi siku ileile. Mimi nilirudi visiki vikiwa vimeshakauka, na ndiyo maana mezani sikai.

Siku ile, wazee walipokuwa wanatawanyika, nilimwashiria Paskazia asogee. Alipita nyuma ya baba yake, akatokea kulia.

Ta Teofili alimwona.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Paskazia alipiga magoti. Aliuchukua mkono wa kulia wa baba yake, akauvusha mbele ya kifua chake, polepole, mpaka ukafika upande wa pili, kwenye bega, kwenye kiwiko, kwenye vidole vilivyolala, pale ambapo mikono yake yeye ilikuwa imeshika muda wote.

"Hapa, Tata," alisema. "Nilikuwa hapa."

Mzee alipapasa pale kwa muda mrefu. Kisha Paskazia aliinua macho, akanitazama mimi, nami nikahama nilipokuwa nimesimama, nikahama tena, na sikupata mahali ambapo macho yake hayakunifikia.